Jogoo wa jirani ndani ya kaseti ya baba

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Naomba unisaidie kabla sijakata tamaa.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Alifariki miaka sita iliyopita, akatuachia boksi lenye kaseti 22. Nyingi ni za kwaya alizokuwa akinunua, lakini nne ni sauti yake mwenyewe. Aliiweka redio kaseti mezani, akabonyeza kurekodi, akawasimulia wajukuu habari za Ng'wanamalundi, yule mganga mashuhuri wa Wasukuma, kwa Kisukuma. Nyuma yake unamsikia mama akitwanga. Mwezi wa kumi na mbili ndugu wote tunakutana Magu kwa misa ya kumbukumbu, na nimeshawaahidi kwamba kila mmoja ataondoka na sauti ya mzee kwenye simu yake.

Nilinunua mjini kigeuzi sauti cha USB, kile cha kupitishia sauti ya redio hadi kwenye kompyuta, kwa shilingi 15,000. Ukubwa wake ni kama kidole gumba. Kina matundu mawili, moja lina alama ya hedifoni, jingine alama ya maiki. Nimechukua waya wenye pini ndogo pande zote mbili, nimeunga kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la maiki la kigeuzi. Kompyuta ni laptopu ya mtumba yenye Windows 10, na programu ninayotumia ni Audacity.

Siku ya kwanza nilirekodi nusu saa. Niliposikiliza, baba alikuwa mbali kama yuko chumba cha pili, na humo humo kuna jogoo wa jirani na mwanangu akiomba maji. Siku ya pili nikabahatisha kubadilisha kitu kwenye mipangilio, jogoo akaondoka, lakini sauti ikawa inakwaruza kama spika iliyochanika. Halafu kuna mvumo, mmmm, usioisha. Na kila baada ya muda inapiga tk, neno linamezwa. Nikienda jikoni nikirudi, kompyuta haikioni tena kigeuzi mpaka nikichomoe na kukichomeka upya. Kaseti hiyo ya kwanza nimeshaicheza karibu mara kumi katika kujaribu.

Kijana wa dukani anasema nilichonunua ni feki, niongeze 60,000 anipe kikubwa. Mume wangu anasema tuweke simu mbele ya redio yaishe. Kaseti zenyewe nimezipanga juu ya sabufa sebuleni ili watoto wasizifikie. Je, kifaa ni kibovu au mimi ndiye ninayekosea? Na ile kelele ya kutwanga inaweza kuondolewa?

Mtoto wa Mwalimu, Igoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa mzee.

Kabla hatujafika kwenye kigeuzi, inuka sasa hivi uzitoe hizo kaseti juu ya sabufa. Ndani ya sabufa kuna spika yenye sumaku kubwa, na sauti ya baba yako nayo ni alama za sumaku tu, zimelala juu ya utepe wa plastiki ambao upana wake haufiki milimita 4. Sumaku ya nje inaweza kuzifuta alama hizo kidogo kidogo bila wewe kuona chochote. Zipeleke kabatini, kavu, mbali na spika yoyote.

Ukishazitoa, zishike zile nne moja moja, utazame mgongo wake, yaani ukingo ulio mkabala na pale utepe unapoonekana. Utaona vilimi viwili vya plastiki. Vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi. Vikishavunjika, kitufe cha kurekodi kinagoma kubonyezeka, hata mtoto akikichezea. Nina kaseti moja ambayo ilikuwa na sauti ya bibi yangu. Leo ina dakika nne za mimi mwenyewe nikisema "halo, halo, moja mbili", kwa sababu vilimi vilikuwa vizima na kidole changu kilikwenda kitufe kisicho chake. Sijapata kuusahau usiku ule.

La tatu, kaseti ya mzee usiicheze tena. Mara kumi ni nyingi kwa utepe wa umri huo. Chagua mojawapo ya zile za kwaya alizonunua, wimbo ambao hata utepe ukikatika utaupata kwa mtu mwingine, na hiyo ndiyo iwe kaseti ya majaribio. Ya baba ataisikiliza kigeuzi mara moja, siku ambayo kila kitu kimetulia.

Sasa swali lako. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba kigeuzi ni kibovu. Naona matatizo manne tofauti yaliyokujia kwa pamoja, na kila moja linaingilia mahali pake.

Tuanze na jogoo, maana yeye ni shahidi mzuri. Jogoo hawezi kuingia kwenye waya. Kama amesikika, basi siku ile laptopu ilikuwa inasikiliza kwa maiki yake yenyewe, ile iliyo juu ya kioo, na kigeuzi kilikuwa kimekaa tu bila kazi. Kosa la kawaida ni kufungua Audacity kwanza halafu ndipo unachomeka kigeuzi. Programu hiyo huorodhesha vifaa inapofunguliwa, na kinachokuja baadaye haikioni mpaka uiambie ivitafute upya. Kwa hiyo chomeka kwanza, fungua baadaye, kisha kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia chagua chenye jina la USB. Jaribio ni dogo: gonga laptopu kwa kucha karibu na kioo. Mstari wa sauti ukiruka, bado ni maiki ya laptopu.

Na ukichagua sawasawa halafu mstari ukabaki umenyooka kama uzi, nenda mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha, uguse maikrofoni. Windows 10 inahesabu kila sauti inayoingia kuwa ni maiki, hata ikitoka kwenye kaseti. Ruhusa ikiwa imezimwa pale, utarekodi ukimya mtupu. Angalia pia chini kabisa ya ukurasa huo, kuna ruhusa ya pili ya programu za kawaida za kompyuta, na Audacity ni mojawapo.

Kuna jambo katika barua yako lililonikalisha nikifikiri. Umesema siku ya kwanza baba alisikika kwa mbali. Ukichomeka pini kwenye tundu la hedifoni, spika ya redio inatakiwa inyamaze. Wewe ilikuwa inalia, ndiyo maana maiki ya laptopu ikamsikia. Maana yake ni kwamba pini haikuzama yote, au kile kibati cha ndani ya tundu kinachokata spika kimelegea au kimeshika kutu. Hapa kwetu kando ya ziwa unyevu hauna huruma na vyuma vidogo. Chomeka na uchomoe pini mara kumi na tano hivi ukiwa umezima redio, ukiizungusha kidogo, ili kujisugua kwake kuondoe kutu. Kisha uibane mpaka isikike imeingia.

Nimelikazia hilo kwa sababu linahusu pia ule mlio wa tk. Tundu lililolegea hupiga tk. Lakini na USB nayo hupiga tk, na zote mbili masikioni ni ndugu. Utazitenganisha hivi: weka kaseti ya majaribio, vaa hedifoni moja kwa moja kwenye redio, sikiliza dakika kumi na uguseguse pini kidogo. Ukisikia tk humo, tatizo liko upande wa redio na kompyuta haina lake. Kukiwa kimya, basi tk inaingia baada ya waya, na hapo twende kwenye USB.

Ukituma faili la kawaida kwenye flashi kupitia USB, kipande kikipotea njiani kompyuta hukituma tena mpaka kifike. Sauti inayorekodiwa haisubiri. Husafirishwa kwa vifurushi vidogo, kwa kigeuzi cha aina yako kifurushi kimoja kila sehemu ya elfu ya sekunde, na kikipotea kimepotea, hakitumwi tena. Hiyo ndiyo tk, na hilo ndilo neno lililomezwa. Kwa hiyo kazi yako ni kuisafisha njia. Kigeuzi kiingie kwenye tundu la laptopu lenyewe, si kwenye kile kidude cha kugawa matundu, wala kwenye waya wa kurefushia. Jaribu tundu la upande wa pili, kwenye laptopu za mtumba kuna matundu yaliyolegea. Zima waifai, funga kivinjari, acha masasisho ya Windows yamalize kwanza. Ndani ya Audacity kuna sehemu ya muda wa akiba ya sauti, ambao kwa kawaida ni milisekunde 100. Uongeze hadi 200 au 300. Wewe hupigi muziki wa moja kwa moja, ucheleweshaji huo haukudhuru.

Kigeuzi kutoweka ukienda jikoni ni Windows inayobana matumizi ya umeme. Ikiona tundu la USB limetulia, hulilaza, na vifaa vingine vikilala haviamki vizuri. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya kina, kuna mlango wa USB wenye ruhusa ya kulaza matundu. Izime kwa pande zote mbili, ukiwa kwenye chaja na ukiwa kwenye betri. Na uzuie laptopu yenyewe isilale wakati unarekodi.

Sasa kukwaruza. Tundu la maiki limetengenezwa kupokea umeme mdogo mno, sehemu chache za elfu za volti, kisha kigeuzi huukuza. Redio yako kupitia tundu la hedifoni inatoa nguvu kubwa kuliko hiyo kwa mbali, hasa ukifungua sauti. Ni kama kumwagia ndoo kwenye chupa ya soda. Vichwa vya mawimbi ya sauti hukatwa, na kilichokatwa hakuna programu itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Basi sauti ya redio ishushe mpaka karibu na mwanzo kabisa, moja au mbili kwenye namba zake. Upande wa Windows, fungua sifa za kigeuzi, ushushe kiwango cha maiki, na uondoe nyongeza yoyote ya nguvu. Vigeuzi vingi vya bei ndogo vina kisanduku cha kurekebisha nguvu ya sauti chenyewe. Ukikiona, ondoa alama. Hicho ndicho kinachofanya mvumo upande kila msimuliaji anaponyamaza kuvuta pumzi. Pandisha tena taratibu mpaka sehemu zenye kelele zaidi za kaseti zifike kama desibeli 6 chini ya sifuri (-6) kwenye kipimo cha sauti cha Audacity. Rangi nyekundu isionekane hata mara moja.

Pia utaona kigeuzi kinarekodi upande mmoja tu, kwa sababu tundu la maiki la vifaa hivi kwa kawaida lina njia moja. Usihuzunike. Redio iliyorekodi kwa maiki yake moja mezani haikuwa na kushoto wala kulia. Kwa zile kaseti nne hupotezi kitu. Kwenye Audacity chagua kurekodi njia moja, na weka 44,100 huko na kwenye Windows vilevile, pande mbili zikubaliane. Namba hiyo ni mara ambazo kigeuzi hupima wimbi la sauti ndani ya sekunde moja. Sikio la binadamu husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kipimo kinatakiwa kizidi mara mbili ya hapo. Ndiyo namba iliyowekwa kwenye sidii tangu mwaka 1982, na sauti ya redio kaseti inaenea humo na nafasi kubaki.

Mvumo ndio uliokuchosha, naona. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, na redio yako na chaja ya laptopu zikiwa zote ukutani, zinashikana mikono kupitia ule waya wa sauti. Mzunguko unakamilika, na umeme wa nyumba unaanza kuimba ndani ya kaseti. Jaribio: redio ikiwa inacheza na mvumo upo, chomoa chaja ya laptopu. Ukitoweka hapo hapo, umempata mwizi.

Dawa haihitaji kununua kifaa. Chaji laptopu ijae, ichomoe, na redio nayo uitoe ukutani uitie betri. Naamini redio kaseti ya mwalimu ina nafasi ya betri kubwa nyuma, nyingi ziliuzwa nayo miaka ile umeme ulipokuwa haujafika vijijini. Nunua mpya zote kwa pamoja, usichanganye na za tochi zilizotumika. Betri zikichoka mota huzunguka polepole, na sauti ya mzee itashuka na kuburuta kana kwamba anasinzia. Kama betri ya laptopu haimalizi dakika 30 za upande mmoja wa kaseti, basi laptopu ibaki kwenye chaja, redio peke yake iwe kwenye betri. Mara nyingi hiyo inatosha kuukata mzunguko.

Nakuomba jambo moja: asije mtu akakushauri uvunje ile pini ndefu ya juu ya plagi, au uikate waya yake ya ndani, ili mvumo uondoke. Ni kweli mvumo unaweza kuondoka. Lakini pini ile ndiyo inayopeleka ardhini umeme uliovuja, na una watoto watatu nyumbani.

Yakishatulia yote kwa kaseti ya kwaya, sikiliza ulichorekodi kwa hedifoni, si kwa spika ya laptopu. Ukiridhika, andaa ya baba. Ishike mwangani utazame utepe. Ukiona vumbi jeupe kama unga kwenye kingo, ni ukungu, usiicheze, mpelekee fundi aisafishe kwanza. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mpaka mwanzo, utepe ulegee na ujipange. Hedi ya redio, kile kichuma kinachosoma utepe, ifute kwa pamba ya sikio iliyoloweshwa spiriti kidogo ya duka la dawa, na usubiri ikauke. Ule mpira unaovuta utepe ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, spiriti huukausha ukapasuka. Kisha bonyeza rekodi kwenye Audacity kwanza, hesabu sekunde tano, ndipo uwashe redio.

Kuhusu 60,000 za kijana wa dukani, usimpe bado. Itafika siku utakapotaka kuzihamisha kaseti za kwaya, na hizo zinaweza kuwa zilirekodiwa kwa njia mbili, soprano kushoto, besi kulia. Hapo kigeuzi chenye tundu la kuingizia sauti ya redio, lile la pini nyekundu na nyeupe, kitakuwa na maana. Tazama kwanza kama redio yenyewe imeandikwa stereo. Namba kubwa zilizochapwa kwenye boksi, sijui 192,000 badala ya 44,100, zisikushawishi. Kaseti haina cha kuzijaza.

Mumeo amesema jambo la busara kuliko linavyosikika. Simu mbele ya redio inaleta na jogoo, kweli, lakini ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Siku utakapoicheza ya baba, simu nayo iwe inarekodi pembeni, ukiiweka karibu na hedifoni ulizounga kwenye tundu la pili la redio kama lipo, au mbele ya spika kama bado inalia. Laptopu ikizimika katikati, hutalazimika kuurudia utepe.

Hifadhi kwa WAV, aina ya faili linalotunza sauti yote bila kuibana. Kwa njia moja ni kama megabaiti 5 kwa dakika, kwa njia mbili 10 na kidogo. Kaseti zote 22, hata zingekuwa za dakika 60 zote za njia mbili, ni gigabaiti 14 hivi, flashi ya 32 inazibeba. Weka flashi mbili, moja kwako, moja kwa ndugu anayeishi mbali na wewe. Za kugawa Magu kwenye simu zitoe nakala za MP3, faili lililobanwa likawa dogo.

Na kutwanga. Ndiyo, programu inaweza kupunguza mvumo wa utepe, ile ssss ya nyuma, kwa sababu mvumo ni wa aina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mchi si hivyo. Unapiga na kunyamaza, na sauti yake imekaa palepale ilipo sauti ya baba yako. Ukiufuta utaondoka na maneno yake. Lakini hata ingewezekana ningekuomba usiufute kwenye faili la asili. Fanya nakala, ujaribu unavyotaka humo, ile ya kwanza usiiguse. Wapelekee Magu zote mbili, umwekee mama hedifoni kabla ya wengine, na umuulize siku ile alikuwa anatwanga nini.